Kijiti Si Matengenezo

Ndugu Mhariri, na ninyi wanachama wenzangu,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema neno juu ya motokaa. Najua wako watakaouliza, "Mambo ya motokaa yaingiaje katika gazeti la wafanyi kazi? Kwani mishahara imekwisha kuongezwa?" Nasema, subirini kidogo. Neno langu ni juu ya kifuniko cha buti kilicholegea. Lakini kifuniko hicho kimevunja vidole viwili vya mwenzetu, na fundi asiyeweza kukunja vidole atashikaje spana? Basi someni mpaka mwisho, ndipo mnihukumu.

Sisi ni watu sita wa karakana ya mabehewa. Miaka minne iliyopita tulichanga fedha, tukanunua Datsun saluni ya mwaka wa 1972 kutoka kwa mzee mmoja, mwalimu aliyekuwa amestaafu. Motokaa za jina hilo zina heshima katika nchi yetu tangu mwaka wa 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda mashindano ya Safari kwa Datsun 1600 SSS, na hata leo watu wakiiona iliyotunzwa husimama wakaitazama. Lakini sisi hatukuinunua kwa ajili ya fahari. Tuliinunua ipate kuchukua wagonjwa wetu hospitali, itupeleke matangani, na siku za Jumamosi ikodishwe na maharusi, fedha iingie katika mfuko wetu. Kazi hiyo imeifanya vizuri. Injini yake haina neno. Breki tunazitazama wenyewe, kwa kuwa sisi ni watu wa breki.

Kifuniko cha buti ndicho kilicholegea. Hapo kwanza ulikuwa ukifungua kufuli, chapanda na kusimama chenyewe. Baadaye kikawa chasimama nusu tu. Mwisho kikawa hakisimami kabisa, tena kikifungwa upande wa kushoto ulikaa chini kuliko wa kulia, hata ungeweza kupitisha kidole penye ufa. Ndipo kikakatwa kipande cha mpini wa ufagio kikawekwa ndani ya buti. Aliyekikata ni mimi. Ukitaka kufungua, wainua kifuniko kwa mkono mmoja na kukiegemeza kijiti kwa mkono wa pili. Tukasema, "Sasa imepona." Tulikaa na kijiti kile miezi kumi na minne.

Jumamosi moja mwenzetu alikuwa akipakia kreti za soda za arusi. Kreti ikagonga kijiti, kijiti kikateleza, kifuniko kikashuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya ukingo wa buti. Chuma cha kufuli kilimpiga vidole viwili, vyote viwili vikavunjika.

Sasa tazameni hesabu yake. Sheria ya mwaka wa 2007 ya malipo kwa wanaoumia kazini haimgusi, kwa kuwa hakuwa kazini. Alikuwa uani kwetu siku ya mapumziko yake. Sheria ya Ajira ya mwaka ule ule yampa mtu aliyekwisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka, isipokuwa mapatano ya chama yameongeza zaidi. Kwetu mapatano yameongeza, nasi twashukuru. Lakini hakuna mapatano yanayolipa ovataimu kwa mtu aliyefungwa bandeji, na yeye alikuwa akisomesha mtoto kwa ovataimu. Mfupa haujui kama umevunjika kwa ajili ya mwajiri au kwa ajili ya arusi.

Jioni ile tukakutana, na maneno yakawa mengi. Wa kwanza akasema, "Motokaa imezeeka, tuwauzie wanunua chuma chakavu." Wa pili akasema, "Tununue ile mikono ya gesi ya motokaa za siku hizi, tuifunge, mambo yaishe." Wa tatu akasema amemwona fundi fulani anayepasha moto vile vyuma vya ndani kwa gesi na kuvisokota upya. Wa nne akasema, "Kijiti chenyewe hakikuwa na kosa. Tukate kinene zaidi." Hakuna hata mmoja aliyeuliza kifuniko kimelegea kwa sababu gani. Nasi ndio mafundi! Behewa likiletwa karakana limeinama upande, hatuliegemezi gogo. Twauliza: ni springi, ni bogi, ama ni mzigo uliopakiwa vibaya? Lakini tulipofika uani kwetu ufundi wote tuliuacha langoni.

Basi niwaeleze mambo ya kifuniko, maana wako wengi kati yetu wenye motokaa za zamani, na vijiti ni vingi kuliko mnavyodhani.

Kifuniko cha buti ni kizito, na kisipokuwa na msaidizi kitaanguka. Wenye viwanda walitafuta wasaidizi wa namna mbalimbali. Morris Minor, iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka wa 1948 mpaka 1971, ina mwega wa chuma tu, lakini ni mwega wa kiwandani, wenye mahali pake pa kushika. Motokaa nyingine zina springi za mzunguko. Nyingi za Marekani na za Japani za miaka ya 1960 na 1970 zina fimbo mbili za chuma cha springi, zinazovuka ndani ya buti chini ya kioo cha nyuma, kutoka bawaba moja kwenda nyingine. Yetu ni ya namna hiyo.

Fimbo hiyo haisukumi, bali hujisokota. Ncha moja imeshikwa isizunguke, na ncha ya pili imeungana na mkono wa bawaba. Ukifunga kifuniko waisokota fimbo kama mama anavyokamua nguo aliyoifua. Ukifungua kufuli, fimbo yataka kurudi ilivyokuwa, nayo husaidia kuinua. Msidhani ni jambo dogo. Morris Minor niliyoitaja hubebwa magurudumu yake ya mbele na fimbo za namna hii hii, ila ni nene zaidi.

Tena nguvu za fimbo ya kusokotwa hutegemea sana unene wake. Fimbo ya milimita 8 ikiliwa na kutu urefu wake wote mpaka ibaki milimita 7 na nusu, sisi twasema imepungua kidogo tu. Si kweli. Imepoteza karibu robo ya nguvu zake. Tena penye mkwaruzo au shimo la kutu ndipo inapoanza kupasuka, kama tunavyoona kila mwezi katika springi za mabehewa.

Lakini msikimbilie kuilaumu fimbo. Kifuniko huanguka kwa sababu mbili: ama anayeinua amepungukiwa na nguvu, ama kinachoinuliwa kimeongezeka uzito. Sisi tulichukua mizani ya ndoano, tukainua kifuniko kwa ukingo wake mpaka nusu, tukasoma kilo 7. Kisha tukatazama ndani yake. Kifuniko kina ngozi mbili za bati, na chini yake yako matundu madogo ya kutolea maji. Yote yalikuwa yamezibwa na tope na rangi ya zamani. Tulipoyazibua kwa waya yakatoka maji meusi na tope, na kutu iliyomomonyoka kama maganda. Tena karibu na kufuli tulikuta bonde la zamani lililojazwa pati nene kama ukuta. Na kumbukeni, uzito hauhesabiwi kwa kilo tu, bali na kwa umbali wake. Kilo 2 zilizo ukingoni, mbali na bawaba, hulemea kama kilo 4 zilizo katikati. Tulipokwisha kukwangua pati, kunyoosha bati na kukausha ndani, mizani ikasoma kilo 5. Basi kilo 2 za lawama hazikuwa za fimbo hata kidogo.

Ndipo tukazigeukia fimbo. Ncha isiyozunguka hukaa katika kishikio, na katika motokaa nyingi kishikio hicho kina mapengo mawili au matatu. Ukiihamisha ncha kwenye pengo la pili fimbo husokotwa zaidi, na nguvu ya kuinua huongezeka. Kwetu fimbo ya kulia ilikuwa katika pengo la katikati na ya kushoto katika pengo la mwisho lililo legevu. Kwa hiyo upande mmoja ulikuwa ukifanya kazi ya pande mbili. Ni nani aliyeiweka vile, hatujui. Labda iliruka yenyewe zamani, na mtu akairudisha mahali palipokuwa rahisi.

Hapa nataka mnisikilize sana, kwa maana fimbo hii yaweza kumvunja mtu taya. Fanyeni hivi. Toeni vitu vyote katika buti. Wawe watu wawili, kamwe asiwe mmoja. Kifuniko kiwe wazi kabisa, maana hapo ndipo fimbo imesokotwa kidogo kuliko mahali pengine pote. Kiegemezeni kwa ubao imara uliofungwa kamba juu na chini usiteleze, na mtu wa pili akishike asikiachilie. Hapa kijiti kina kazi yake ya haki, nami sikikatai. Katika karakana twatumia jeki kuinua, lakini hatulali chini ya jeki. Twaweka stendi za chuma, na kazi ikiisha twaziondoa. Mwega ni chombo cha saa moja ya matengenezo. Ubaya ni kuuacha pale ukawa ndio matengenezo yenyewe.

Kisha chukueni kipande cha paipu ya chuma, urefu kama wa mkono mpaka kiwiko, mkikate mfereji mwisho wake kwa msumeno wa chuma, kipate kuimeza ncha ya fimbo. Msitumie bisibisi, maana bisibisi huteleza, na fimbo ikiruka haichagui jicho la nani. Vaeni miwani ya kazi. Simameni kando, uso usiwe juu ya fimbo. Wekeni alama ya rangi penye pengo la zamani, itoeni ncha polepole, muihamishe pengo moja tu, kisha jaribuni. Msiruke mapengo mawili kwa pupa. Kifuniko chenye nguvu kupita kiasi kitaruka na kumpiga mtu kidevu, nacho kitapinda bawaba.

Tuliirudisha ya kushoto sawa na ya kulia, tukasugua kutu kwa karatasi ya msasa, tukatia oili katika pini za bawaba. Mizani ikasoma kilo 1 tu. Kifuniko kikapanda na kusimama chenyewe. Mzee wetu wa karakana, aliyekuwa akitutazama akiwa ameketi juu ya debe, akasema, "Kumbe haikuwa imezeeka. Ilikuwa chafu."

Upande uliokaa chini ulikuwa na sababu nyingine, na watu wengi huyachanganya mambo haya mawili. Fimbo huinua kifuniko, lakini haikisawazishi kikiwa kimefungwa. Kusawazisha ni kazi ya bolti za bawaba. Za kushoto zilikuwa zimelegea, na matundu yake ni marefu ili fundi apate nafasi ya kurekebisha, basi kifuniko kilikuwa kimeshuka kwa uzito wake. Tulizungushia bawaba alama ya penseli kwanza, tukalegeza chuma kinachopokea kufuli kisituvutie kifuniko kando, tukalegeza bolti kidogo, tukainua pembe, tukakaza. Tukapima ufa wa pande zote kwa sarafu mpaka ikapita sawasawa kushoto na kulia. Mwisho tukaweka mpira mpya wa kuzuia maji, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umelala kama kamba iliyokanyagwa.

Msidhani ufa ule ni jambo la sura tu. Motokaa inapokwenda, hewa ya nyuma yake huzunguka na kurudi ndani penye nafasi, nayo huja pamoja na moshi wa ekzosi. Ndani ya moshi huo imo kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Miezi kumi na minne tuliwapeleka wagonjwa hospitali, wameketi nyuma, na ufa wa kidole nyuma ya migongo yao. Nikifikiri hayo, huona haya.

Sasa niwajibu wale wenzangu wa jioni ile. Wewe uliyetaka iuzwe, kazi yote ilichukua siku moja ya Jumapili baada ya ibada, na tulichonunua ni mpira, msasa na oili. Wewe uliyetaka mikono ya gesi, sikupingi kabisa. Kama fimbo zimekatika wala hazipatikani hata kwa wauza spea za zamani, hiyo nayo ni njia. Lakini mikono ile husukuma kwa nguvu nyingi mahali padogo, na bati la zamani halikufanywa kwa ajili hiyo; usipoongeza kipande cha chuma penye bolti, bati litapinda na kifuniko kitakaa mshazari. Tena gesi ile huvuja kadiri miaka ipitavyo, na mtu asiyeutafuta ugonjwa atarudi kukata kijiti. Wewe wa kupasha moto, tafadhali usifanye. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa. Ukikitia mwali wa gesi kwa kukisia, waondoa ugumu huo, kitalegea zaidi ama kitakatika siku usiyoijua. Hujapata kuona fundi wa mabehewa akipasha springi moto na kuirudisha njiani. Basi mbona tufanye kwa motokaa inayobeba mama zetu?

Na wewe wa kijiti kinene, wewe ndiwe niliyekuandikia barua hii, kwa kuwa mimi nilikuwa wewe.

Jambo linalonisumbua hasa ni hili. Tulikuwa watu sita, na kila mmoja alijua. Kila mmoja alikishika kijiti kile kwa mkono wake mara nyingi, akakirudisha mahali pake, akafunga, akaenda zake. Kila mmoja alisema moyoni, "Mwingine atashughulika." Mimi nilisema, "Nimekwisha kukata kijiti, sehemu yangu nimeifanya." Katika karakana pana kitabu cha makosa, na mtu akiona bolti imelegea huandika, akatia sahihi. Motokaa ya watu sita haikuwa na kitabu. Mali ya wote ikawa haina mwenyewe, na kijiti kikawa ndicho mlinzi wetu. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Ashukuriwe Mungu, sisi tulifichuliwa na vidole viwili tu.

Najua tabia hii haikai uani peke yake. Kila mmoja wetu ameona mahali pa kazi kinga ya mashine iliyofungwa kwa waya, ngazi iliyofungwa kamba penye daraja lililovunjika, au swichi ya umeme iliyoshikizwa kwa kipande cha kadibodi. Sitaji mahali. Hivyo vyote ni vijiti. Vilianza kwa siku moja, "mpaka spea ije," na spea isipokuja, kijiti kikaandikwa kazi ya kudumu.

Hapo mwanachama mmoja aliniambia kwa ukali, "Wewe wataka tujilaumu wenyewe ili mwajiri apone." Hasha. Mwajiri asiyeleta spea ana kosa, na kosa lake halipunguzwi na kosa langu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yasema mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na wafanyi kazi wawe ndani yake. Sheria hiyo hiyo yampasa na mfanyi kazi atoe habari akiona hatari. Haki hizi zatembea pamoja kama reli mbili. Lakini niambieni, mjumbe wetu ataingiaje katika kamati ile na kudai kinga mpya ya mashine, ikiwa sisi wenyewe tumeifunga kwa waya na kunyamaza mwaka mzima? Mwajiri atasema, "Mbona inafanya kazi? Nani amelalamika?" Naye atafungua kitabu, na kitabu kitakuwa cheupe. Kijiti chetu ndicho kinachomwokoa mwajiri. Kila tunapoegemeza na kunyamaza twamfanyia mwajiri kazi bila mshahara, maana twamwondolea gharama ya matengenezo na kuibeba sisi kwa mikono yetu.

Lakini nakubali neno moja la mwenzangu yule. Wako watu wanaoegemeza kwa kuwa wanaogopa. Kibarua wa mkataba wa miezi mitatu akiandika kosa kitabuni aweza kuambiwa mkataba umekwisha. Mtu huyo simlaumu. Ndiyo sababu ya kuwa na chama: asiandike mmoja, waandike kumi. Lakini uani kwetu, penye motokaa yetu wenyewe, ni nani tuliyekuwa tukimwogopa? Hakuna. Yalikuwa mazoea. Na mtu aliyezoea kunyamaza mahali pasipo hofu hatapata sauti penye hofu.

Baada ya mambo hayo sisi sita tumepatana hivi, nami nayaleta mbele yenu muyatazame.

Kwanza, tumenunua daftari la shule, limefungwa kwa uzi ndani ya motokaa. Mtu akiona kosa huandika siku na jina lake. Asiyeandika, na ikaja kujulikana aliona, atalipa faini katika mfuko.

Pili, mtu akiweka kijiti cha namna yo yote, ataandika siku aliyokiweka, na kijiti kisipite siku 7. Siku ya nane motokaa haitoki, hata kama ni arusi ya mtoto wa mkubwa gani.

Tatu, katika kila fedha ya kukodisha, sehemu moja ya kumi ni ya matengenezo, wala haiguswi kwa jambo jingine.

Nne, fedha ya Jumamosi tano tumempa mwenzetu aliyeumia. Hatukumpa kama sadaka. Ni deni.

Naomba na tawi letu litengeneze daftari kama hilo kwa mambo ya karakana, liwe la wanachama wenyewe, mbali na lile la mwajiri, ili mjumbe wetu akiingia katika kamati awe na siku, saa na majina kumi chini ya kila kosa. Gharama yake ni daftari moja na kalamu.

Mwenzetu amerudi kazini. Kidole kimoja kimepona vizuri. Cha pili hakikunji sawasawa, naye hushika spana kwa mkono wa kushoto, polepole, na sisi wengine twamngojea bila kusema. Kijiti kile cha ufagio sikukitupa. Nimekitundika msumarini juu ya meza yangu ya kazi, na vijana wanafunzi wakiniuliza ni cha nini, huwaambia habari hii yote.

Basi, ndugu, nendeni mkafungue vifuniko vya buti zenu. Kikikaa juu chenyewe, shukuruni. Kikianguka, msitafute mti. Tafuteni sababu.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwenzenu,
Fundi wa Mabehewa, Nairobi